Siagi ya Mama Mkwe kwenye Freni za Pikapu

Kwa miaka mingi sidhani kama Goma kulikuwa na gari lililokaguliwa freni mara nyingi kuliko pikapu yangu. Si kwamba nilikuwa mwangalifu kuliko wenzangu. Kila waasi walipoukaribia mji nilizifungua freni za mbele na kuzificha, na walipokwisha kuuzoea mji, nasi tukawazoea, nilizirudisha. Katika jimbo letu, mtu anayefungua freni kila vita vinapokuja hapati nafasi ya kusahau kazi hiyo.

Nilikuwa nikiuza fromaji, ile jibini ya Masisi yenye ngozi ya manjano. Nilipanda milimani pikapu ikiwa tupu na kushuka ikiwa imejaa. Kupanda kunataka injini, kushuka kunataka freni, na wenye silaha wanataka gari zima. Kila kundi lililoingia mjini lilikuja kwa miguu na lilitamani kuendelea kwa gari, kwa hiyo liliazima. Kuazima ndilo neno walilotumia, nami sioni sababu ya kulibadilisha, ingawa sikupata kuona gari lililorudishwa. Majirani zangu wa Keshero walianza kwa kutoa betri. Waazimaji wakaanza kutembea na betri zao. Majirani wakatoa magurudumu. Waazimaji wakaja na magurudumu.

Hapo ndipo fundi wangu wa Murara aliponiambia nitoe na kilicho nyuma ya gurudumu.

"Mama, gari bila freni hata mutu wa bunduki anaiogopa," alisema. "Yeye pia iko na mama yake."

Alinikalisha juu ya tairi kuukuu akanionyesha. Nyuma ya gurudumu la mbele kuna sahani nzito ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Hiyo ndiyo diske. Kila upande wa diske kuna kibamba kilichobandikwa ngozi ngumu nyeusi. Hivyo vibamba ndivyo plakete. Ukikanyaga freni, kibano kinachozishika, ambacho fundi alikiita etriye, huzikandamiza plakete kwenye diske, kama unavyoishika sahani kati ya viganja ili isikuponyoke. Plakete huliwa kidogo kidogo, na hilo si kosa. Imepangwa hivyo: kilicho rahisi kiliwe ili kilicho ghali kidumu. Ukilielewa hilo moja, umekwisha kuokoa nusu ya gharama zako, na hakuna aliyezaliwa akilijua, kwa hiyo usione haya kuuliza.

Plakete inapokaribia kwisha hukupa habari. Kwanza hupiga filimbi ukikanyaga. Hapo bado una muda, lakini usingoje Krismasi. Ukinyamaza, itasaga kama jiwe la kusagia mtama, maana ngozi imekwisha na chuma kinakula chuma. Sasa utanunua na diske pia, kwa sababu ya uvivu wa wiki chache. Kwetu hilo huja mapema zaidi, kwa sababu ya lile vumbi jeusi la lava linaloingia kila mahali, hata kwenye ugali. Fundi alinifundisha kupima kwa kijiti cha kiberiti. Kama ngozi ya plakete ni nene kama vijiti viwili, endelea na safari zako. Ikiwa nyembamba kama kijiti kimoja, badilisha, na ubadilishe pande zote mbili, kushoto na kulia, hata kama upande mmoja unaonekana mzima. Ukibadilisha upande mmoja tu, gari litavutwa kando kila ukifunga freni, kama mume anayepita mbele ya baa.

Basi nilizoea. Waasi wakisikika Rutshuru, niliinua pikapu kwa krike, yaani jeki, nikatoa magurudumu, etriye, plakete na diske, nikaiacha imekaa juu ya magogo. Nasema magogo kwa makusudi. Watu wengi wa mji wetu huweka gari juu ya mawe ya lava kwa sababu yapo mengi na ni ya bure, lakini jiwe la lava lina matundu ndani kama mkate, na siku likipasuka ni vizuri usiwe chini ya gari. Etriye niliifunga kwa waya isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta, kisha nikasukumiza kipande cha ubao nyuma ya pedali ili asitokee mtoto wa kuikanyaga. Ukikanyaga freni zisizo na diske, pistoni, ile inayosukuma plakete, hutoka yote, na mafuta ya freni humwagika, na unalia.

Kuku walitaga ndani ya pikapu. Mara moja waazimaji walikuja wakaitazama.

"Hii iko muzima?"

"Ilikufa, papa. Angalia mwenyewe."

Mkubwa wao aliinama, akaona palipokuwa na diske pakiwa uchi, akasema, "Pole sana, mama," kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Akaondoka na mayai.

Diske na plakete zilikaa kwa mama mkwe wangu. Kwetu mkwe wa kike humwita mabukwe, nami nitamwita hivyo. Mabukwe alikuwa mwanamke wa milimani, wa ng'ombe, aliyeshuka kuja kukaa nasi baada ya ng'ombe wake nao kuazimwa. Alikuja na nyonga inayouma, hata kutoka nyumbani hadi barabarani ilikuwa safari, na alikuja na kibuyu cha siagi ambacho hakikuisha, maana ndugu zake walimletea nyingine kila gari langu lilipopanda. Mume wangu alikuwa akifanya kazi Bukavu, upande wa pili wa ziwa, na vita vilipofunga ziwa alibaki huko. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, watoto na mabukwe. Sehemu za gari zilikaa chini ya maharagwe, ndani ya pipa, na juu ya pipa alikaa mabukwe. Hakuna jeshi lililowahi kumwomba asimame.

Sasa lazima nieleze jambo la milimani. Huko, mtu akiweka chuma kikae muda mrefu, jembe au panga au mundu, hukipaka siagi ya ng'ombe. Ni adabu ya chuma. Kitu kisichopakwa siagi kimetupwa; kilichopakwa kinangojewa. Na mji wetu unakula chuma kuliko milima: mvua inayopita kwenye moshi wa volkeno huacha mabati ya nyumba yana matundu kabla ya mtoto kumaliza shule ya msingi. Mabukwe aliyaona mabati yetu. Mwaka ule waasi walipokaa sana na freni zangu zikakaa sana chini ya maharagwe, alifanya ambacho mtu yeyote mwenye malezi angefanya. Alizitoa moja moja akazipaka siagi. Diske, akapaka. Plakete, akapaka, tena akasugua vizuri, kwa sababu ngozi ya plakete ilinywa, naye akaona ina kiu.

Mimi sikujua.

Nilijua asubuhi mlima wa volkeno ulipopasuka. Ardhi ilikuwa ikitikisika tangu siku zilizotangulia, na sisi tulikuwa tumeanza kuzoea na hilo. Asubuhi hiyo moshi ulishuka badala ya kupanda, na barabara ikajaa watu wenye magodoro wakielekea Sake. Walisema lava imeingia mjini upande wa Murara. Wenye miguu walikwenda. Mabukwe aliitazama barabara kutoka mlangoni, akaketi.

"Mukazana," aliniita, jina la mke wa mwanawe, "beba watoto, mwende. Mimi nitakaa na nyumba."

"Mabukwe, nyumba haina haja ya mtu."

"Nyonga yangu haifike hata kwa kanisa. Itafika Sake?"

Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu. Bila gari, mabukwe angebaki. Nami nisingeweza kumwambia mwanawe, aliye ng'ambo ya ziwa, kwamba nilimwacha mama yake akilinda maharagwe. Nilifungua pipa.

Harufu ilinipokea kabla ya diske. Zilikuwa zinang'aa, hazina kutu hata punje. Plakete zilikuwa nyeusi zaidi ya kawaida na laini mkononi kama sabuni. Nilielewa mara moja, nikamtazama mabukwe, naye alikuwa ananitazama kwa uso wa mtu anayengoja asante.

"Aksanti, mabukwe," nilisema. Kwetu mkwe hamkemei mama mkwe, hata volkeno ikiwa imetoka.

Nikupe ukweli wa mambo haya, huenda ukakufaa. Diske iliyopakwa mafuta inapona. Ni chuma, mafuta hukaa juu tu. Ifute, ioshe kwa sabuni na petroli, ikauke, imerudi. Plakete iliyokunywa mafuta haiponi. Ukiifuta, mafuta yaliyo ndani hutoka ikipata joto. Watu huichoma, huisugua kwa msasa, huiombea. Usijisumbue, na usiweke maisha yako juu yake. Badilisha. Mimi asubuhi ile sikuwa na nyingine. Nilifuta diske kwa gauni la zamani, nikafuta plakete kwa kuwa mkono lazima ufanye kitu, nikafunga kila kitu mahali pake, nikakanyaga pedali mpaka ikawa ngumu, kisha nikampandisha mabukwe mbele pamoja na kibuyu chake, kwa maana hakukubali kukiacha. Watoto walipanda nyuma pamoja na magodoro.

Langoni nilijaribu freni. Pikapu ilifikiri kidogo, ikaendelea, ikaegemea mgomba wa jirani na hapo ikasimama. Freni za nyuma zilikuwa nzima, zile za ngoma zisizo na diske, lakini katika gari freni za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa na za nyuma hutoa msaada, kama watu wa kwaya wasiojua maneno.

Niliingia barabarani kwa gia ya kwanza. Mbele yangu palijaa migongo: akina mama, mbuzi, wazee, mtu amebeba mlango wa nyumba yake. Gari likienda kwa gia ya chini injini yenyewe hulizuia, nami nilishika breki ya mkono kana kwamba ni mkono wa mtoto sokoni. Kila nilipogusa pedali, harufu ilipanda ndani.

Mabukwe alinusa.

"Nani anakaanga?"

"Ni injini, mabukwe. Iko moto."

Mwanamke aliyekoroga siagi maisha yake yote huijua siagi yake hata akiwa amefunikwa blanketi.

"Injini yako inakula siagi yangu?"

Niligusa pedali tena kwa sababu ya mbuzi, na harufu ikajibu kwa niaba yangu. Alitazama barabara, akatazama mguu wangu, akatazama ile migongo mbele yetu. Akashusha kioo, akatoa kichwa nje.

"Tokeni njiani! Hatuna freni!"

"Hata sisi hatuna, mama!" mtu alijibu. "Uliona wapi mutu wa kukimbia iko na freni?"

"Wewe ukimugonga mutu, mutasalimiana! Sisi tukimugonga tutazika!"

Watu walicheka, wengine wakaguna, lakini walisogea. Alipiga kelele njia nzima. Aliwaita kwa vyeo vyao, papa, mama, muzee, na mmoja aliyekataa kusogea alimwita ng'ombe dume asiye na mwenyewe. Nilikuwa nimeishi naye miaka mingi bila kujua ana sauti ile.

Tatizo lilikuwa mteremko wa kuingia Sake. Kabla ya kuufikia, mabukwe aliniambia nipunguze, akamwita mwanamume mmoja aliyekuwa akitembea kando yetu na godoro kichwani.

"Papa, miguu yako haijachoka?"

"Imechoka, mama."

"Panda nyuma. Lakini kazi iko. Kuna jiwe pale. Mukazana wangu akipiga honi, unashuka na unaweka jiwe mbele ya gurudumu."

"Na kama jiwe inapita chini?"

"Basi weka godoro."

Jiwe hilo kila mtu wa barabara za Masisi analo nyuma ya gari. Malori huwa na mtu kabisa wa kazi hiyo. Langu lilikuwa la kutoka mtoni, zito, si la lava. Tulianza kushuka. Injini ililia, breki ya mkono ilinuka vyake, freni za mbele zilikaanga. Katikati ya mteremko chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilianguka mbele yetu na sufuria zote zikamwagika njiani, na mwenye nayo akainama kuziokota moja moja kama mtu aliye sokoni.

Nilivuta breki ya mkono mpaka mwisho, nikapiga honi. Mabukwe alipiga kelele moja isiyokuwa na maneno. Nilisikia miguu ya yule mwanamume ikigusa ardhi, nikahisi gari likipanda juu ya kitu, likarudi, likatulia. Kati ya bampa na mwenye sufuria palibaki nafasi ya sufuria.

Alisimama na kututazama.

"Mama, munapika nini?" aliuliza.

Mabukwe alipandisha kioo.

Sake penyewe palikuwa na fundi aliyekuwa akivunja magari yaliyokufa na kuuza viungo vyake chini ya mikaratusi. Siku hiyo alikuwa na wateja wengi kuliko mbingu. Aliinama kwenye gurudumu langu, akanusa, akasimama.

"Hii gari ilitoka Masisi?"

"Ilitoka Goma."

"Bon. Plakete zilikufa. Na diske pia tutabadilisha, mama, ni muzuri kubadilisha vyote pamoja."

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza, kwa kuwa wana hofu na fundi ana sauti ya daktari. Si kila plakete mpya inadai diske mpya. Nilipitisha ukucha ukingoni mwa diske. Kama imeliwa sana utahisi ukingo umesimama kama ukuta na ukucha utanasa. Yangu ilikuwa na kiukuta kidogo cha kuhisiwa na mtu mwenye subira tu. Nilitazama uso wake: hakuna mifereji mirefu, hakuna ufa, hakuna madoa ya bluu ya kuungua. Pedali haikuwa inatetemeka hapo kabla, maana yake haikupinda. Na pembeni mwa diske huwa pameandikwa unene wa mwisho inaoruhusiwa kufika. Nikamwomba apime, apime mbele yangu. Alipima. Ilikuwa bado na maisha.

"Lakini diske za zamani hushika kutu," alisema, kwa kuwa lazima aseme kitu.

Mabukwe alikuwa ameketi juu ya godoro letu karibu na gari.

"Mutoto wangu," alimwita, "iko na kutu?"

Fundi aligeuza diske huku na huku. "Hapana, mama. Iko safi sana. Kama sahani."

"Na nani aliiweka safi?"

Sikumtazama. Alijifunika kitenge chake vizuri begani na hakuuliza tena, na sijawahi kuona mtu akishinda kesi kwa maneno machache namna hiyo.

Plakete tulizitafuta katika lundo lake la okazyo, yaani mitumba. Siwashawishi watu wanunue plakete zilizotumika. Mwenye uwezo anunue mpya, ndicho kitu cha mwisho cha kubania. Lakini mlima ukiwa nyuma yako unachagua vizuri kati ya vilivyopo. Niliweka kibamba cha zamani mgongo kwa mgongo na kila kilichotolewa mpaka umbo likalingana. Nilitupa zenye ufa, nilitupa zenye mafuta, nilipima kwa kiberiti, nikapata nne za unene mmoja. Fundi alitaka kusukuma pistoni irudi ndani kwa bisibisi, nikamwomba atumie plakete kuukuu na kibano cha skrubu, polepole, akitazama mafuta ya freni yasifurike. Alikubali. Mafundi wengi hukubali ukiomba kwa upole na ukikaa karibu. Diske tuliziosha kwa sabuni na petroli mara mbili. Kisha kabla ya gari kusogea nilikanyaga pedali tena na tena mpaka ikapanda na kuwa ngumu. Tafadhali usisahau hilo. Ukisahau, ukikanyaga mara ya kwanza pedali inakwenda hadi sakafuni, na mbele yako kuna mtu anaokota sufuria.

Malipo yalikuwa shida, kwa sababu siku hiyo noti hazikuwa na maana kwa mtu. Fundi alitazama kibuyu.

"Ile ni mavuta ya ng'ombe?"

Mabukwe alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akakifungua, akamtilia kopo lililojaa, akapanguza ukingo kwa kidole.

"Ni ya kula," alimwambia. "Usiweke kwa gari."

Tulikaa Sake mpaka lava ikapoa kiasi cha kutembewa, tukarudi tukaikuta nyumba. Murara, mtaa wa fundi wangu, ulikuwa umelala chini ya jiwe jeusi, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufungua garaji juu yake, kwa karatasi ya plastiki na krike moja. Nilinunua kwake plakete mpya. Alipoona diske zangu aliniuliza ninazipaka nini.

Waasi wengine walikuja, bila shaka. Siku habari zilipofika niliinua pikapu nikafungua kila kitu, nikaviweka kwenye gunia mbele ya mabukwe, karibu na pipa. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia. Alishika diske, akaipima mkononi.

"Hii inakula?"

"Inakula, mabukwe."

Akachota siagi, akaipaka kwa utaratibu, pande zote mbili, ndani ya kila tundu. Kisha akashika plakete, akaisogeza karibu na macho.

"Na hii?"

"Hiyo haikule."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mabukwe."

Aliisikitikia. Akaifunga kwenye kitambaa kikavu, kisha kwenye plastiki, akaiweka peke yake upande wa pili wa pipa, mbali na harufu. Akafunika maharagwe, akakaa juu.